Glodi na Ukurasa wa Nne

Kutoka shuleni hadi kwetu si mbali. Ukienda peke yako, unafika kabla jasho halijakutoka. Ukienda na Glodi, sahau! Glodi anasalimia. Anamsalimia mama anayeuza mandazi, anamuuliza habari za watoto, za bwana, za biashara, za mgongo unaouma. Akimaliza hapo anavuka barabara kumsalimia tata, mzee fundi wa pikipiki, naye anaulizwa yote hayo tena, hata ya mgongo. Mimi nasimama kando na mkoba begani, nimechoka kuliko wakati wa somo la hesabu.

"Glodi, twende basi!"

"Ngoja, Mignonne. Ni bakubwa bale. Batasema sina adabu."

Ndivyo mambo yalivyo kila siku isipokuwa Jumatano. Jumatano tunabaki shuleni kwa ajili ya kilabu cha kompyuta. Mwalimu Agnès, anayetufundisha hesabu asubuhi, anafungua chumba kilichokuwa zamani stoo ya madawati mabovu. Mna kompyuta tano, na moja kati ya hizo inafanya kazi siku ikipenda. Wengine wanakiona chumba kidogo chenye joto. Kwangu mimi ni kila kitu. Nyumbani hatuna kompyuta, na simu ya mama ina ufa kioo kizima. Ni mle ndani nilipoandika programu yangu ya kwanza, na nje ya chumba kile sina mahali pengine pa kujifunza katika Kolwezi hii yote.

Sasa sikilizeni balaa. Jumatano moja Tata Godefroid Ngoy, mkuu wa shule yetu ambaye sote tunamwita Prefe, aliingia ghafla bila kubisha hodi. Alimkuta nani anacheza karata kwenye kompyuta? Glodi, bila shaka! Sisi wengine wote tulikuwa tunafanya kazi, lakini Prefe alimwona yeye tu.

"Madamu Agnès," alisema, na sauti yake haikuwa nzuri hata kidogo, "hapa batoto banajifunza ama banacheza? Mi niko na vitabu ku ofisi, na mvua zikirudi vitaloweshwa tena. Chumba hiki kingenifaa sana."

"Banajifunza, Prefe," Mwalimu Agnès alijibu. "Sasa hivi tunasoma makala ya utafiti."

"Vizuri. Jumamosi wazazi wanakutana. Batoto wawili wasimame, watueleze huo utafiti kwa dakika kumi. Tukielewa, mubakie na chumba. Tusipoelewa, vitabu vyangu vitahamia humu Jumatatu."

Akatoka. Nilimtazama Glodi kwa macho ambayo, kama macho yangepiga, angekuwa hospitali mpaka leo.

Mwalimu Agnès alituchagua mimi na Glodi. Mimi, kwa sababu ninapenda kusoma. Glodi, kwa sababu ana sauti. Kanisani kwao yeye ndiye anayesoma matangazo ya vijana, na akina mama wanampenda kupita kiasi. Tukagawana kazi: mimi nitengeneze picha, Glodi aandike maneno. Hapo ndipo mateso yangu yalipoanza.

Makala yenyewe ilikuwa hivi. Watafiti wa chuo kikuu kimoja cha mbali walitengeneza programu ya kompyuta. Unapiga picha ya jani la muhogo kwa simu, nayo inakuambia kama mmea wako ni mzima au ni mgonjwa. Kurasa nane za Kifaransa kigumu, zenye michoro na majedwali. Nilimwambia Glodi tusome pamoja. Akasema hapana haja, yeye anajua namna ya kusema mbele ya watu.

Alhamisi tulifanya mazoezi. Mwalimu Agnès aliketi nyuma ya darasa, akashika simu yake kupima muda. Glodi alivuta shati, akakohoa kama mtu mzima, akaanza.

"Bwana Prefe wa shule yetu. Bwana shefu wa kartie, kiongozi wa mtaa wetu. Mabibi na mabwana wajumbe wa komite ya wazazi. Bapadri, bachungaji na bamama wa maombi. Walimu wetu wapendwa. Wanafunzi wenzangu. Kila mmoja kwa cheo chake na sifa zake, itifaki yote ikiwa imezingatiwa..."

Nilidhani ikishazingatiwa imekwisha. Wapi! Kumbe ndiyo kwanza imeanza. Slaidi ya pili ilikuwa ya salamu nyingine, safari hii kwa wale ambao hawakuweza kufika. Ya tatu, shukrani kwa Mungu. Ya nne, shukrani kwa wazazi. Kisha yakaja maisha ya watafiti, mmoja mmoja, na shule alizosoma. Kisha historia ya kompyuta tangu kompyuta ya kwanza duniani. Alikuwa ameanza historia ya muhogo simu ilipolia.

"Muda umekwisha," alisema Mwalimu Agnès.

"Lakini Madamu, bado sijamaliza utangulizi!"

Mwalimu aliweka mkono kwenye paji la uso. "Glodi, mutoto wangu. Utafiti uko wapi?"

"Uko ku slaidi ya kumi na moja, Madamu."

Aliifungua. Yoo, mama yangu! Alikuwa amebandika ukurasa mzima wa makala jinsi ulivyo, herufi ndogo kama sisimizi. Hata mimi niliyesimama karibu na ukuta uliomulikwa na projekta sikuweza kusoma mstari mmoja.

Nikashindwa kuvumilia. "Si nilikuambia tusome pamoja? Si nilikuambia? Unataka tupoteze chumba kwa ajili ya salamu zako?"

"We unajua kuchora majani tu! Unafikiri ni rahisi kusema mbele ya bakubwa?"

"Bakubwa hawakuja kusikia majina yao!"

"Nyamazeni bote wawili!" Mwalimu Agnès alisimama. Si mara nyingi anapandisha sauti. Akamsogelea Glodi, akafungua makala, akaweka kidole. "Hapa, ukurasa wa nne. Unasema nini?"

Glodi alivuta pumzi. "Ukurasa wa nne, Madamu, ni ukurasa wa maana sana, ambamo waheshimiwa watafiti, kwa bidii kubwa na akili nyingi..."

"Glodi."

"Madamu?"

"Umeelewa ukurasa huu?"

Alitazama viatu vyake. Nilimwona akitafuta neno kubwa la kumwokoa, akalikosa.

"Hapana," alisema kwa sauti ndogo. "Ni mahesabu matupu. Nimesoma mpaka kichwa kinauma. Nikaona, kama nitaongeza salamu, muda utaisha mbele ya kufika pale, na hakuna muntu ataniuliza kitu."

Kumbe! Zile salamu zote zilikuwa pazia la kujificha nyuma yake. Nilimhurumia. Halafu nikakumbuka chumba chetu na vitabu vya Prefe, nikakasirika upya.

Mwalimu Agnès hakukasirika tena. Alivuta kiti, akaketi mbele yetu. "Afadhali umesema. Sasa funga hiyo kompyuta. Ukifika nyumbani leo, mama yako akuulize: 'Hao watu wa muhogo walikuwa wanatafuta nini?' Utamjibu nini?"

Glodi alifikiri. "Nitamwambia... walitaka kujua kama simu inaweza kutambua jani gonjwa."

"Eee! Hilo ndilo swali lao. Anza na hilo, na useme kwa nini lina maana kwa mtu ambaye ugali wake ni bukari ya muhogo. Mama atauliza tena: 'Walifanyaje?' Halafu: 'Walipata nini?' Na mwisho atakuuliza jambo kubwa: 'Na wewe, unawaamini?' Acha muda wa kutosha kwa hilo la mwisho. Huko ndiko kazi yenu iliko. Mengine yote ni yao."

"Madamu, niwaamini ama nisiwaamini, mi nani?" Glodi alishtuka kweli. "Bale ni badokta! Mutoto wa shule awakosoe badokta mbele ya wazazi? Itakuwa ni matusi."

"Kuuliza si kutukana. Aliyeandika makala anangoja kuulizwa. Mmesoma, mna macho, mna akili. Rudieni."

Ijumaa Glodi alikuja kwetu. Tulikaa kwenye mkeka nyuma ya nyumba, makala katikati. Safari hii alisoma kweli, na akawa anasumbua vibaya sana, kwa sababu kila mstari alisema, "Hapa sijaelewa." Mara nyingine na mimi nilikuwa sijaelewa, ila nilikuwa nimeupita tu. Ikabidi turudi nyuma.

Hivyo ndivyo tulivyoelewa njia yao. Waliionyesha kompyuta maelfu ya picha, kila picha na jina lake: hili zima, hili gonjwa. Baadaye wakaipima kwa picha nyingine ambazo haijawahi kuziona.

"Kwa nini nyingine?" Glodi aliuliza. "Si wangeipima kwa zilezile?"

"Wewe Glodi! Mwalimu akikupa mtihani wenye maswali yaleyale ya daftari lako, na majibu yake umeyakariri, atajuaje kama umeelewa?"

"Aaa," akasema. Tukaona pia kwamba katika kila majani mia, programu ilikosea saba. Ukurasa wa nne ulieleza kwa mahesabu jinsi kompyuta inavyojirekebisha ikikosea. Mstari wa kwanza tuliuelewa, na wa mwisho. Katikati tulibaki gizani, hata tulipojaribu mara nyingi.

Mama aliniita nikachume sombe, majani ya muhogo, kwa ajili ya chakula. Muhogo wetu uko mbele, kando ya barabara ya malori yanayobeba mawe ya migodi. Glodi alinifuata, bado anasoma kwa sauti. "'Majani yalikatwa kwenye bustani ya chuo, yakaoshwa, yakawekwa juu ya karatasi nyeupe...'" Akageuza jani moja mkononi mwangu. Lilikuwa jekundu kwa vumbi, kama majani yote ya barabara ile wakati wa kiangazi. Akalipangusa kwa kidole, kijani kikatokea.

"Mignonne. Yao yalioshwa."

"Eee, na haya yataoshwa pia, ukiniacha nifanye kazi."

"Hapana, sikiliza! Kompyuta yao haijawahi kuona jani la vumbi. Hata moja! Mama yako akipiga picha hapa, itamwambia nini?"

Niliacha kuchuma. Tulirudi mbio kwenye mkeka, tukapekua kurasa zote nane. Neno vumbi halikuwemo.

Mngefikiri sasa mambo yamenyooka. Aa-a! Hamumjui Glodi. Usiku huohuo aliandika mwisho mpya, na asubuhi ya Jumamosi akanisomea mlangoni mwa shule: "Kwa hiyo, wazazi wapendwa, programu hii ni ya uongo, na watafiti hawa wametudanganya!"

"Glodi! Juzi walikuwa waheshimiwa, leo ni waongo?"

"Si umeona mwenyewe vumbi?"

"Nimeona vumbi. Programu yenyewe tunayo? Tumeijaribu? Labda itajua. Labda itakosea. Hatujui! Sema hatujui!"

"Watatucheka."

"Basi wacheke!" Nilipiga kelele mpaka mlinzi akageuka. "Tutasema tulichokiona, na tutauliza tusichokijua. Ukisema uongo pale mbele, mi nitasimama nikukane." Alinitazama, akachukua kalamu, akafuta ile sentensi huku akinung'unika kwamba ilikuwa tamu.

Ukumbi ulijaa. Mstari wa mbele walikaa shefu wa kartie, padri, wajumbe wa komite, na Prefe katikati, mikono kifuani. Mwalimu Agnès alikaa pembeni, na nilimwona akishika kitambaa chake kwa nguvu. Glodi alisimama. Mimi nilikuwa kwenye projekta.

"Wakubwa wetu wote, jambo," alisema Glodi. "Leo tutawaeleza kazi ya watu waliojiuliza swali hili: je, simu inaweza kutambua jani gonjwa la muhogo?"

Minong'ono ikaanza. Shefu wa kartie alitazama kushoto, akatazama kulia, kama mtu ambaye ameachwa nje ya mlango. Na Prefe, Prefe mwenyewe aliyetupa dakika kumi, akainua mkono.

"Mutoto, simama hapo. Umesahau kuwataja wageni. Hapa tuko na wakubwa."

Nilitaka kulia kwa hasira. Jamani! Tumehangaika kuziondoa salamu, sasa anazitaka! Na Glodi alikuwa nazo zote kichwani, zimeiva, zinangoja ulimini. Nilimwona akifungua mdomo. Nikasema moyoni, basi, tumekwisha.

"Bwana Prefe, utuwie radhi," Glodi alisema. "Mi napenda sana kuwataja, Mwalimu wangu ni shahidi. Lakini tuko na dakika kumi. Nikiwataja wote, muhogo utakosa nafasi. Tutawasalimia kwa mkono tukimaliza, mmoja mmoja."

Mara shefu wa kartie akacheka kwa sauti nene. "Aseme! Mi nataka kusikia ya muhogo."

Akasema. Alieleza kwa nini swali lina maana: muhogo ukiugua na mtu akachelewa kujua, familia inapoteza shamba zima. Mimi nikaeleza njia, kwa picha zangu za majani mazima na yenye ugonjwa, na habari ya mtihani usio na maswali ya daftari. Nikaona akina mama wakitikisa kichwa kukubali. Glodi akasema walichokipata, na yale saba katika mia. Kisha nikaonyesha picha mbili: jani la makala, safi juu ya karatasi nyeupe, na jani letu la barabarani.

"Hatusemi programu ni mbaya," Glodi alisema. "Hatujaijaribu. Tunasema kitu kimoja: majani yote waliyoionyesha yalioshwa. Haya yetu yana vumbi. Kabla ya kuiamini hapa Kolwezi, tungependa waionyeshe majani ya hapa."

"Ya kweli hiyo!" mama mmoja alisema kutoka nyuma, na watu wakapiga makofi. Nikashusha pumzi. Mapema mno! Prefe alisimama.

"Swali," alisema. "Hiyo kompyuta ikikosea, inajirekebisha namna gani? Iko kwenye ukurasa wa nne. Nielezeni ukurasa wa nne."

Kumbe ni uleule! Katika kurasa nane zote! Glodi alinitazama, nami nikamtazama. Mbele yetu kulikuwa na mtu aliyetaka chumba chetu, na ukumbi mzima ulikuwa unangoja. Maneno makubwa yangetosha. Wazazi wasingejua tofauti, wangepiga makofi tena.

"Bwana Prefe," Glodi alisema, "tumeelewa kwamba kila ikikosea, inapima kosa lake ni kubwa kiasi gani, halafu inajibadilisha kidogo, inajaribu tena. Hayo tumeelewa. Mahesabu ya katikati hatujayaelewa. Tumejaribu, na yametushinda. Tunaomba tusidanganye."

Prefe hakuketi. Alichukua makala yake kutoka kwenye kiti, akaifungua. Pembeni mwa ukurasa wa nne alikuwa ameweka alama nyingi za kuuliza kwa kalamu nyekundu.

"Madamu Agnès alinipa nakala," aliwaambia wazazi. "Nimesoma ukurasa huu tangu Jumatano. Na mi pia haukuniingia kichwani. Nilitaka kuona kama batoto watanidanganya." Akaifunga makala. "Katika ukumbi huu nimesikiliza hotuba nyingi sana. Hakuna hata siku moja muntu alisimama pale akasema hajaelewa, hata mimi mwenyewe. Chumba kibaki chao. Vitabu vyangu nitavitafutia pengine."

Sikungoja. Niliruka, nikamkumbatia Mwalimu Agnès mbele ya watu wote, na kitambaa chake kikamwanguka. Alikiokota, akatuvuta mimi na Glodi karibu.

"Mumeona?" alisema. "Kueleza kazi ya mtu mwingine ni kusema alitafuta nini, alifanyaje, alipata nini, na wewe umeona nini. Usimpambe, usimchafue. Na pale ambapo hukuelewa, sema waziwazi. Ukipafunika kwa maneno matamu, utabaki na kutojua kwako peke yako. Ukipaonyesha, mwenzako anaweza kuja kukusaidia."

Jumatano iliyofuata, tulipokuwa tumeshaanza, mlango uligongwa. Safari hii Prefe alibisha hodi. Aliingia na makala yake chini ya kwapa, akaketi kwenye benchi la nyuma ambalo ni fupi mno kwake, magoti yakamfika karibu na kidevu. Hakuna aliyethubutu kucheka. Alifungua ukurasa wa nne, akavaa miwani, akainua kidole kama sisi.

"Madamu," alisema, "hapa katikati, mi sijaelewa."